Raba za Land Rover ya zamani: dalili, chanzo, na zipi unaweza kuchonga mwenyewe

Land Rover za Series II, IIA na III ziliundwa kati ya 1958 na 1985. Raba yoyote ya gari hilo ambayo haijawahi kubadilishwa ina miaka 40 hivi au zaidi, na haijalishi gari limelala bandani au limekuwa likibeba mahindi kila wiki, kwa sababu mpira huzeeka kwa kutumika na huzeeka kwa kukaa. Spea za Land Rover bado zinapatikana kuliko za magari mengi ya rika lake, lakini si kila raba ina duka, na nyingine gharama ya kuiagiza Uingereza ni kichekesho ukilinganisha na kipande chenyewe. Hapo ndipo kisu, tyubu ya lori na mkanda mkuukuu wa kiwandani vinapopata kazi.

Raba nyingi za kuchonga haziharibikiwi kwa umbo. Fundi anapata umbo sawasawa, raba inakaa vizuri, na baada ya wiki mbili imevimba na kulainika kama tende. Alichosahau kuuliza ni kitu gani kitaigusa: petroli, oili, maji ya rejeta, mafuta ya breki, au jua tu. Uliza hilo kabla hujashika rula.

Mpira upi unavumilia nini

Tyubu za magari nyingi ni za butili. Butili haipitishi hewa, inavumilia maji, jua na mafuta ya breki, ila petroli, dizeli na oili huivimbisha. Kanyagio la tairi, yaani sehemu inayokanyaga barabara, ni mpira wa asili uliochanganywa na wa viwandani. Lina nguvu na halichaniki upesi, lakini nalo ni adui wa petroli na oili. EPDM, mpira wa viwandani, ndiyo inayotengenezewa hozi za rejeta na sili za milango ya magari ya Kijapani. Inastahimili jua na maji ya moto, haistahimili oili. Nitraili ni kinyume chake, yaani inapenda petroli na oili, na jua huipasua. Neoprini iko katikati ya hizi mbili na inafaa pale ambapo oili inadondoka mara moja moja. Viton inavumilia karibu kila aina ya petroli pamoja na joto kali, ila bei yake ni ya kukunja uso. Silikoni ni nzuri kwa joto, mbovu kwa petroli, na huchanika kirahisi ikishapata mkato.

Kipande usichokijua asili yake kipime hivi. Kata mraba wa sentimita 2, uweke juu ya karatasi na uchore mzunguko wake kwa kalamu yenye ncha nyembamba. Utumbukize kwenye chupa yenye kimiminika kilekile kitakachougusa garini, funika, uache saa 24. Ukiutoa, ufute na uurudishe juu ya mchoro. Ukizidi mstari kwa milimita 2 kwenye upande wa 20, utupe. Ubonyeze pia kwa kucha: ukiacha alama isiyorudi, au ukipaka vidole weusi, utupe hata kama saizi haikubadilika. Kwa petroli, tyubu hujifichua ndani ya saa chache tu.

Breki zinashika na haziachii

Hapa usichonge chochote. Raba za masta silinda (pampu kuu ya breki) na za silinda za magurudumu zina mdomo mwembamba unaofunguka kwa presha. Mdomo huo haukatwi kwa kisu ukabaki sawa, na ukikosea hutajua mpaka siku ya mteremko. Kazi yako ni kutafuta chanzo na kununua raba sahihi.

Gari likiwa linashika breki zikipata moto, inua gurudumu linaloshika kwa jeki, liwekee stendi, kisha legeza nipo ya kutolea hewa. Gurudumu likiachia na mafuta yakichupa, kuna presha iliyonaswa. Funga nipo, subiri lishike tena, halafu legeza muungano wa bomba la chuma na hozi ya mpira, upande wa juu wa hozi. Likiachia hapo, tatizo liko juu, kwa kawaida kwenye masta silinda. Lisipoachia pale juu lakini likaachia kwenye nipo, hozi yenyewe imevimba ndani na inafanya kazi ya valvu: mguu wako una nguvu ya kusukuma mafuta yapite, springi za viatu vya breki hazina nguvu ya kuyarudisha. Nje hozi inaweza kuonekana mpya kabisa. Land Rover hizi zina hozi tatu, mbili za mbele na moja ya nyuma, na moja ikiwa hivyo badilisha zote.

Tatizo likiwa juu, fungua kifuniko cha kopo la mafuta ya breki utazame raba yake. Ikiwa imekuwa kubwa kuliko nafasi yake, ina mikunjo na haikubali kurudi, kuna mtu alijaza oili ya injini au ya hydroliki. Hakikisha kwa glasi ya maji: dondosha matone matatu ya mafuta uliyoyatoa kwenye kopo. DOT 3 na DOT 4, madaraja ya kawaida ya mafuta ya breki, huchanganyika na maji na kupotea. Yakielea na kutengeneza duara linalong'aa, hiyo ni oili. (DOT 5 ya silikoni nayo haichanganyiki na maji, lakini ni adimu na rangi yake ni zambarau.) Oili ikishaingia, raba moja mpya haisaidii. Mwaga yote, safisha mabomba kwa spiriti, yapulize kwa hewa mpaka yakauke, badilisha kila raba na kila hozi. Ukiacha kimoja kimekunywa oili, kitaitapika kwenye vipya.

Raba ya asili ikikosekana, ruhusa iliyopo ni ya saizi, si ya kisu. Raba za breki nyingi zina saizi iliyochapwa mgongoni kwa inchi: 7/8 ni milimita 22.2, 1 ni 25.4, 1⅛ ni 28.6. Pikapu nyingi za Kijapani zinatumia silinda za vipimo hivihivi, kwa hiyo raba yenye namba hiyo, urefu uleule wa mdomo na iliyotengenezwa kwa mafuta ya DOT itakaa. Usikubali raba ya 25 kwenye silinda ya 25.4 kwa sababu "inaingia". Na silinda ikiwa na mashimo ya kutu unayoyahisi kwa ukucha, raba mpya itavuja mwezi huohuo. Unapofunga raba, ipake mafuta ya breki yenyewe au grisi nyekundu ya raba, kamwe si grisi ya beringi.

Harufu ya petroli, au chembe nyeusi kwenye kabureta

Fungua bakuli la kabureta. Unga mweusi unaosagika kati ya vidole unatoka kwenye hozi inayooza kwa ndani. Kata hozi kwa urefu na kuichunguza: ngozi ya ndani ikiwa imejitenga, au inabanduka kwa kucha, hiyo ndiyo. Mara nyingi utakuta mtu aliweka hozi ya maji au kipande cha hozi ya kompresa. Nunua kwa mita hozi yenye maandishi SAE J30R9, ambayo ndani ina tabaka linalovumilia petroli za kisasa, hata zenye ethanoli. J30R6 na J30R7 zinapatikana zaidi na zinafaa kwa petroli ya kawaida ya gari la kabureta, ila hazidumu sana. Usitumie J30R9 ndani ya tangi, maana haikutengenezwa kuzama na ngozi yake ya nje itavimba.

Gasketi ya kikombe cha kuchujia pembeni ya pampu inachongeka vizuri: shiti ya nitraili ya milimita 3, au ya koki (gome la vizibo vya chupa). Weka kioo cha kikombe juu ya shiti, chora, kata duara la nje kwanza na la ndani baadaye. Ukianza na la ndani kipande kitakutoroka mkononi.

Diafragm ya pampu ya mafuta, yaani utando unaosukuma petroli, ni habari nyingine. Ikipasuka, petroli inaingia kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Ukiona kiwango cha oili kinapanda chenyewe na kijiti chake kinanuka petroli, usiwashe injini tena kabla ya kumwaga oili. Kitambaa maalumu kilichopakwa nitraili, unene wa milimita 0.5 hivi, tabaka mbili, kinafanya kazi. Tundu za skrubu zitobolewe kwa bomba la kukatia, zisichomwe kwa msumari wa moto, kwa sababu ukingo ulioungua ndipo mpasuko unapoanzia. Mkono wa pampu uwe umebanwa hadi mwisho wa mwendo wake wakati unakaza skrubu. Usipofanya hivyo diafragm itakaa imevutika na kuchanika mapema. Tyubu hapa ni marufuku, hata ya kufikia nyumbani.

Injini inachemka, hozi zimenywea

Hozi ya chini ikinywea wakati injini inazunguka kwa kasi, mpira umelainika na pampu ya maji inaufyonza. Ikinywea gari likiwa limezimwa na linapoa, usiilaumu hozi. Valvu ndogo ya kurudisha hewa kwenye kifuniko cha rejeta imeganda. Watu wengi hubadilisha hozi mbili kabla ya kugusa kifuniko.

Raba ya kifuniko nayo ina uzito kuliko inavyoonekana. Kila psi 1 (kipimo cha presha) hupandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi 1.5 hivi za Selsiasi, kwa hiyo kifuniko cha psi 10 kinakupa nyuzi 15 za ziada. Nairobi, kwenye mita 1,700 na zaidi, maji yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na Mbeya ni vivyo hivyo. Gari ambalo Mombasa halina tatizo linapanda Nairobi na kuanza kutapika maji kwa sababu ya duara la mpira lililopata mfereji. Duara hilo linachongeka kwa EPDM ya milimita 2, au kwa tyubu nene ya lori ikikosekana. Muhimu ni unene uwe uleule wa zamani, kwa sababu ukizidisha unazidisha presha ya springi ya kifuniko, na rejeta kuukuu haitakushukuru.

Hozi zenyewe: tafuta ya EPDM yenye nyuzi ndani, kipenyo cha ndani sawa na shingo ya rejeta, si "karibu sawa". Kona ikikosekana, kata kona kutoka hozi ya gari lingine lolote yenye kipenyo hicho, uunganishe na kipande kilichonyooka kwa bomba fupi la chuma la sentimita 6 hivi. Bomba hilo liwe na ukingo uliovimba kila ncha, upate kuzuia hozi kuteleza, na klipu ikae nyuma ya uvimbe, si juu yake. Hozi ya chini iwekee springi ya waya usioshika kutu kwa ndani. Kaza klipu, washa injini mpaka ipate moto, iache ipoe kabisa, kisha kaza tena, kwa kuwa mpira mpya hukubali kubanwa zaidi baada ya joto la kwanza.

Barabarani, hozi ikichanika, kata utepe wa tyubu wenye upana wa sentimita 3 au 4, ukaushe uso wa hozi, zungushia huku ukiuvuta mpaka urefu wake ukaribie mara mbili, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia, tabaka tatu au nne. Legeza kifuniko cha rejeta hadi kituo cha kwanza ili presha isipande, na uendeshe polepole ukitazama geji. Kwa kukufikisha gereji, hakuna kinachoushinda.

Maji miguuni, vumbi kila mahali

Kutafuta tundu la maji anzia chini. Mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwagie maji kwa hozi ya bustani kwenye ukingo wa chini wa mlango kwa dakika mbili, kisha kati, kisha juu, kisha vifuniko viwili vya hewa vilivyo chini ya kioo cha mbele, na mwisho maungio ya fremu ya kioo na ukuta wa dashibodi. Ukianzia juu, maji yatateremka na kukuonyesha kila tundu kwa pamoja, na hutajua chochote. Kwenye gari hili mhalifu wa kawaida ni vifuniko vya hewa na yale maungio ya kioo, ingawa kila mtu huanza kwa kubadilisha sili za milango.

Vumbi lina njia yake. Linaingilia nyuma, kwa sababu gari likienda hewa ya nyuma yake huwa na presha ndogo na huvuta vumbi la murami liingie ndani. Kwa hiyo sili ya mlango wa nyuma ndiyo ya kwanza.

Sasa upimaji wa pengo, ambao ndio kazi halisi. Milango ya Land Rover haikufanana hata ilipotoka kiwandani, na baada ya miaka 40 bawaba zimelegea. Kanda unga wa ngano mgumu kidogo, uviringishe vipande vya unene wa kidole gumba, kila kimoja ukifunge kwa nailoni nyembamba ya jikoni usigande kwenye rangi. Bandika vinane kwenye fremu: viwili juu, viwili chini, viwili kila upande. Funga mlango mpaka kitasa kikamate vizuri, kisha fungua. Kata kila bonge katikati kwa wembe na upime unene uliobaki. Ukipata milimita 4 upande wa bawaba na 11 kwenye kona ya chini, usitafute sili itakayoziba hiyo tofauti. Rekebisha bawaba na kikamatio kwanza mpaka vipimo vyote vikaribiane, ndipo uchague mpira.

Sponji inatakiwa ibanwe kwa asilimia 30 hivi. Pengo la milimita 7 linahitaji sponji ya 10. Ukiweka ya 15, mlango utarudi nyuma ukiufunga, na ukiulazimisha utapinda fremu yake nyembamba. Mlango unaorudi nyuma utazame upande wa bawaba kabla ya upande wa kitasa: hapo mlango unabana kwa nguvu kubwa, na milimita 2 za ziada zinatosha kuuzuia.

Chanzo kizuri cha sponji ni milango ya magari ya Kijapani yaliyovunjwa spea: ile sili yenye mdomo wa chuma unaojibana kwenye ukingo na bomba laini la sponji ubavuni. Chagua isiyo na bapa la kudumu. Ikikosekana, nunua utepe wa EPDM au neoprini wenye vijishimo vilivyofungwa. Kuutambua, bonyeza kipande ndani ya maji, kiachie, kitoe na ukikamue. Kikitoa maji, ni cha godoro na kitakaa na unyevu dhidi ya chuma. Kwenye gari hili hilo ni baya mara mbili, kwa kuwa bati la aluminiamu limekutana na fremu ya chuma ndani ya mlango, na unyevu kati yao huila aluminiamu mpaka iwe unga mweupe. Kandambili kuukuu nazo watu huzikata utepe. Zinaziba kwa mwezi mmoja, kisha zinabaki bapa na hazirudi.

Futa bati kwa spiriti. Paka gundi ya viatu pande zote mbili, subiri mpaka isinate kidoleni, dakika 10 hadi 15, kisha bandika. Usiuvute mpira unapobandika, maana utajirudi na kuachia kwenye kona. Kinyume chake, kata uzidi sentimita 1 kwa kila mita na uusukume ujibane. Kona zikatwe kwa nyuzi 45 na ziunganishwe kwa supa glu. Wembe uliochovywa maji ya sabuni hukata sponji bila kuibomoa. Matundu ya kutolea maji chini ya mlango yaachwe wazi.

Silikoni ya bomba ina nafasi yake kwenye maungio ya kioo, lakini inuse kwanza. Inayonuka siki inatoa asidi inapokauka na hushambulia chuma. Nunua isiyo na harufu hiyo.

Injini inatikisika, kuna kishindo ukiachia klachi

Fungua boneti, vuta handbreki, weka vizuizi kwenye magurudumu. Mtu aweke gia ya kwanza na kuachia klachi kidogo tu, kisha gia ya nyuma. Injini ikiinuka upande mmoja na kurudi kwa kishindo, raba ya kushikia injini imebanduka kwenye bamba lake. Feni inayokwaruza rejeta mara nyingi chanzo chake ni hicho pia.

Hii inachongeka, kwa masharti. La kwanza ni kwamba mpira haupungui ujazo ukibanwa, unahama tu. Ukiuweka kwenye boksi la chuma lililoujaa, hauna pa kuhamia na unakuwa mgumu kama chuma chenyewe. Acha pande zake wazi. La pili, bolti moja isipite kutoka bamba la juu hadi la chini ikagusa yote mawili, la sivyo mtetemo utapita kwenye bolti na mpira utakuwa pambo. Ila uwe na ndoano au bolti yenye nafasi ya milimita 5 kila upande itakayoikamata injini endapo mpira utaachia.

Mpira wenyewe utoke kwenye kanyagio la tairi la lori au trekta lenye nyuzi za nailoni. Tairi za radiali zina waya za chuma, na waya zikikatwa hushika kutu na kuukereza mpira kutoka ndani. Kipande kimoja kinene ni bora kuliko tabaka nne zilizogandishwa, kwa sababu gundi ya viatu hukatika ikivutwa ubavuni. Ukilazimika kupanga tabaka, wapelekee mafundi wa pancha wanaochoma matairi: mpira mbichi wao wa kuzibia, ukibanwa kwenye mashine yenye joto la nyuzi 145 hivi, unaunganisha tabaka kuwa kitu kimoja. Kwa kipande kinene uache muda mrefu kuliko wa pancha, la sivyo kati kutabaki kubichi. Mpira huo hautashika chuma kitupu bila dawa maalumu ya kugandishia, kwa hiyo usiutegemee kwa bamba. Ufunge kwa skrubu zinazoingia kila upande nusu ya unene.

Pima urefu wa raba nzima ya upande wa pili ikiwa imebeba injini, na mpya ilingane nayo. Na kama gasketi ya kifuniko cha tapeti inadondosha oili juu ya raba, ziba hiyo kwanza.

Poliyurethani ya kumimina, ile ya vikopo viwili, inatoa matokeo safi zaidi, ugumu wa 60 hadi 70 kwa kipimo cha Shore A. Pima kwa mizani, si kwa jicho. Pwani kazi hii ina mgogoro wake: unyevu wa Dar es Salaam au Zanzibar huingia kwenye mchanganyiko na kuujaza vipovu. Kausha kalibu ya plasta kwa oveni, ipake nta, na umimine siku kavu, chumba kikiwa kimefungwa.

Springi zinalia, gari linayumba

Ingiza mtaimbo kati ya jicho la springi na mkono wake, utikise. Chuma kikicheza ndani ya bushi, imekwisha. Bushi ya asili ina ganda la nje la chuma, mpira, na bomba la ndani. Ganda la nje hukwama kwenye chasisi, na njia ya amani ni kulikata kwa msumeno wa chuma kutoka ndani, mikato miwili, kisha kulipiga kwa tindo. Kuichoma kwa gesi ni haraka lakini moshi wake si wa kuvuta.

Bushi ya kuchonga hukatwa nusu mbili zenye kola, kwa poliyurethani ya fimbo kwa fundi wa leth (mashine ya kukereza) au kwa mpira mgumu wa mkanda wa konveya. Bomba la ndani lizidi urefu wa nusu hizo mbili kwa milimita 0.5 hadi 1, bolti ibane bomba na si mpira. Ya poliyurethani ipakwe grisi ya silikoni, kwani inateleza badala ya kujipinda, na ikikauka italia kuliko ile ya zamani. Bushi za mpira wa asili zikazwe gari likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake. Ukizikaza gari likiwa juu ya stendi, zitajipinda mara tu utakapolishusha na kuchanika ndani ya muda mfupi. Hili ndilo jibu la bushi mpya nyingi zinazorudishwa dukani kwa malalamiko.

Raba za shokapu na za kuning'iniza egzosi ndizo rahisi kuliko zote. Kata washa (duara zenye tundu) za tairi kwa shokapu, utepe wa ubavu wa tairi wenye matundu mawili kwa egzosi, umbali wa sentimita 5 kutoka kwenye bomba. Kukata, chukua bomba la chuma ulinoe ncha. Ukitaka kitufe cha mviringo noa upande wa nje, ukitaka tundu safi noa upande wa ndani. Lizungushe kwa maji ya sabuni, nusu kutoka kila upande, kwa sababu kwenye mpira mnene tundu hutoka na kiuno katikati.

Oili inavuja kwenye ekseli au gia boksi

Usichonge. Soma namba kwenye sili: 35-52-7, kwa mfano, ni kipenyo cha shafti, cha tundu, na upana, kwa milimita. Namba ikifutika pima shafti na tundu kwa kaliper, ukikumbuka vipimo vingi vya gari hili ni vya inchi, kisha nenda kwenye maduka ya beringi na sili ya Kirinyaga Road, Nairobi, au Kariakoo na Gerezani, Dar es Salaam. Wanauza kwa vipimo, bila kujali jina la gari. Shafti ikiwa na mfereji pale mdomo unapokaa, ingiza sili ndani zaidi au nje kidogo kwa milimita 2, ipate uso mpya. Sili iliyoungua kwa moto usiiguse kwa mkono mtupu. Kama ni ya Viton, mabaki yake yana asidi kali inayopenya ngozi.

Raba mpya imepasuka kabla ya mwaka

Tazama mwelekeo wa nyufa. Zikiwa zimekata mvuto, yaani mpira umevutwa kwa urefu na nyufa zimepita kwa upana, ni ozoni. Mpira wa asili uliovutwa hupasuka hivyo, usiovutwa hukaa zaidi, kwa hiyo kata kipande kirefu zaidi au hamia EPDM. Nyufa zikiwa ovyo pande zote na uso umekauka, ni joto au jua: tafuta egzosi iko umbali gani. Kama haina nyufa bali inanata, imekunywa oili. Watu hupaka dizeli au oili chafu ili raba ing'ae. Inang'aa kweli, kwa wiki moja, kwa kuwa imevimba. Gliserini au dawa ya silikoni inatosha kwa sili za milango. Raba za akiba zihifadhi gizani, kwenye mfuko uliofungwa, mbali na kompresa na mota za umeme, maana cheche za mota hutengeneza ozoni ileile.